Upande wa Chini wa Uwanja wa Mafahali

Siku niliyoripoti kazini, bosi wangu wa kwanza alinielekeza kwa chumba cha wapiga chapa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa Ofisi ya Mipango hapa Kakamega mjini, nimevaa sketi niliyoshonewa Butere na shangazi, barua ya kuajiriwa imelowa jasho mkononi. Bosi mwenyewe alikuwa Afisa Mipango wa Wilaya, mtu mrefu wa miwani mizito, na hakuinua macho kutoka kwenye meza yake ya kuchorea.

"Mashine ya chapa iko chumba cha pili," alisema.

"Mimi ni msaidizi wako mpya wa mipango, mzee."

Hapo akavua miwani. "Wewe? Utaingia mashamba ya watu na hiyo sketi?"

Nilimwambia baba yangu ni mkulima wa miwa, nami nimepita ndani ya miwa tangu nijue kutembea. Hakuna shamba linalokata miguu kama la miwa. Akaguna, akafungua droo, akanisukumia boksi la penseli za rangi. Sikuambiwa karibu. Hasira niliyoipata siku hiyo ilinisaidia kufanya kazi mpaka nikazeeka nayo.

Ninyi vijana mnaopanga ardhi kwa kompyuta hamkuuona ule ulimwengu. Tulichora kwa wino kwenye karatasi inayopenyesha mwanga, kisha tukatoa nakala kwa mashine ya amonia iliyotutoa machozi kama vitunguu. Kupanga matumizi ya ardhi ni kusema mahali fulani patakuwa makazi, pengine biashara, pengine shule, na kila matumizi yana rangi yake: kahawia ni nyumba, nyekundu ni biashara, manjano ni huduma za umma, kijani ni mahali pa wazi pa kuchezea na kupumzikia. Mwananchi huona picha nzuri tu. Lakini ramani ikishaidhinishwa, ile rangi ndiyo itakayoamua nani ajenge na nani abomoe.

"Ukipaka kijani," Afisa Mipango aliniambia mwezi wangu wa kwanza, "mtu atakuja kukutukana. Ukipaka nyekundu, mtu atakuja kukuletea chai. Wa matusi mzoee. Wa chai ndiye wa kumwogopa."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka.

Baada ya miaka kadhaa serikali ilinipeleka Tanzania kwa masomo, na huko nikaona kazi ileile ikifanywa kwa namna nyingine kabisa. Tulikwenda kijiji kimoja cha wafugaji na wakulima katika nchi kavu ya Dodoma. Kijiji kizima kiliketi chini, mwenyekiti akauliza malisho yawe wapi na mashamba yawe wapi, watu wakabishana hadi jua likawa utosini, kisha wakanyoosha mikono. Hakuna aliyetaja hati miliki. Ardhi ilikuwa ya wote na kijiji ndicho kilichoitunza. Mimi niliyetoka mahali ambapo ndugu hushtakiana kwa upana wa mgomba mmoja, nilitamani kulia kwa wivu. Kisha mzee mmoja, tulipokuwa tunanawa tule, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, usione hivi ukadhani ilikuwa rahisi. Mimi nilihamishwa kutoka kwetu nikaambiwa nijenge kwenye mstari. Waliochora mstari hawakuniuliza baba yangu amezikwa wapi."

Uholanzi nako nilifika, kwa semina fupi. Huko ni maji yanayotawala. Wamejenga nchi chini ya bahari, kwa hiyo hakuna anayecheza na ramani. Afisa wa manispaa alitutembeza, akatuonyesha mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa ya kujenga banda la kuku. Mwenzetu kutoka Uganda akauliza, "Na mwanasiasa akitaka rangi ibadilishwe haraka?" Yule afisa akajibu, "Atasubiri kama mwenye kuku." Waafrika wote tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mwenyeji wetu alitabasamu tu, hakujua kilichotuchekesha.

Nilirudi nikajua jambo moja kwa hakika. Rangi zetu zinafanana kote, lakini kijani cha Uholanzi kinalindwa na sheria, cha kijiji kile kinalindwa na majirani, na cha kwetu kinategemea nani amechaguliwa. Nililisema hilo kwenye mkutano wa kikazi nikaambiwa nina mdomo.

Walinihamishia Butere, nyumbani kabisa, nikahangaika na vibanda vilivyoingia kwenye hifadhi ya reli, yaani ile ardhi ya pembeni inayoachwa wazi kwa ajili ya usalama. Watu wa ukoo wangu walininunia waziwazi. Ugatuzi ulipokuja na kaunti ikachukua kazi ya mipango, nilirudishwa Kakamega, nikapandishwa kuwa Naibu Mkurugenzi wa Mipango. Huko ndiko nilikokutana na uwanja ambao ndio sababu ya kuandika haya yote.

Uko upande wa Ikolomani, si mbali na Iguhu. Jina lake siliandiki kwa sababu maneno yake bado yana moto. Ni uwanja wa kupiganishia mafahali. Mtu wa mbali akisikia hivyo hudhani ni mchezo wa ng'ombe tu. Kwa Waidakho na Waisukha fahali wa kupigana ni heshima ya nyumba. Hulishwa vizuri kuliko wenye nyumba, hupelekwa uwanjani Jumamosi asubuhi kwa ngoma za isukuti na nyimbo, na akishinda jina la mwenyewe huvuka vilima. Mimi ni Mmarama wa Butere, kwetu hatuna desturi hiyo, kwa hiyo niliijua kwa kusikia tu.

Kando ya uwanja huo, kwenye ukingo wa lami, walikuwa wakiuza kina mama: parachichi, omena, ndizi, nyanya. Kiongozi wao aliitwa Mama Imali, mwanamke mfupi wa sauti nene. Mwaka mmoja kabla, lori la mchanga lilikosa breki likapita juu ya meza zao, na mwenzao mmoja anatembea kwa gongo hadi leo. Nilipokwenda kukagua, Mama Imali alinishika mikono yote miwili.

"Madamu, sisi hatutaki mambo mingi," alisema. "Tupatie soko tu. Hata ikiwa paa bila ukuta. Tukiona lori tunaombanga Mungu, na tumechoka kuomba."

Nilimwahidi soko. Niliahidi kwa moyo, na ahadi hiyo ndiyo iliyonikosesha raha baadaye.

Mwakilishi wa wadi naye alilitaka soko, maana uchaguzi ulikuwa unanukia. Kaunti ikaleta mshauri kutoka Ulaya, kijana mpole sana aliyekunywa uji wetu bila kukunja uso. Alitembea uwanjani siku ya Jumanne akaona nyasi za upande wa juu zimekanyagwa hadi udongo, na za upande wa chini, panapoteremka kwenda mtoni, zimesimama hadi magotini. Akaandika kwamba upande wa chini hautumiki. Pendekezo lake lilikuwa la haki machoni pa kila mtu: nusu ibaki ya mafahali, nusu iwe soko. Kina mama wapate, wazee wapate. Mkurugenzi wangu alifurahi nusura acheze.

Kwa sheria yetu, mpango haupiti bila kuwauliza wananchi, na hilo huitwa ushirikishwaji wa umma. Tuliitisha baraza. Mshauri akaeleza, mkalimani akatafsiri, ramani ikatundikwa kwenye mti wa hema. Mwenyekiti wa wenye mafahali, Mzee Shitsama, alisimama akasema wazee wamekubali kutoa kipande kwa ajili ya kina mama, maana hao ni mama zao na wake zao. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, nikijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ilibaki sahihi yangu. Mpango hauendi bunge la kaunti bila sahihi ya mpangaji aliyesajiliwa, na kazi ile ilikuwa mikononi mwangu. Nikasema nitatia Jumatatu. Jumamosi nikaona haya: nitapangaje uwanja ambao sijawahi kuuona ukifanya kazi? Nikaenda peke yangu.

Watu walikuwa wamejaa pande tatu za uwanja, wengine juu ya miti. Upande wa chini hapakuwa na mtu. Nikajipongeza kwa kupata nafasi nzuri, nikasimama hapo kwenye nyasi ndefu na faili kwapani. Ngoma zililia, mafahali wawili wakaletwa, mmoja mweusi, mwingine wa madoa. Walikutana kwa vichwa na nikausikia mgongano huo tumboni. Walisukumana kwa muda mrefu, udongo ukiruka, watu wakipiga kelele majina ya wenyewe. Kisha yule wa madoa akageuka ghafla.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Sikukimbia. Nilichoona ni paji lenye damu na macho yasiyoniona kabisa. Mtu akanikamata mkono kwa nguvu akanitupa kando, nikaanguka kwa goti kwenye matope, na fahali akapita mahali nilipokuwa nimesimama akateremka mtoni, yule mweusi akimfuata nyuma, na umati ukimfuata yule mweusi kwa nyimbo.

Aliyenivuta alikuwa Mama Imali.

"Madamu, wewe ni mgonjwa? Huku hatusimamangi!"

"Mbona hakuna mtu aliyeniambia?"

"Akwambie nini? Hata mtoto anajua. Huku ni kwa ule ameshindwa. Asipopata njia anaua mwenzake ama anaua watu."

Niliketi kwenye matope nikaanza kulia. Hakukuwa kulia kwa uchungu wa goti. Niliona meza za parachichi zimepangwa hapo, na watoto chini ya meza, na paa zuri la mabati. Nilikuwa nimebakiza Jumapili moja tu kabla ya kutia sahihi.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla hajafika. Alikuwa mtu wa tai na manukato, hodari wa kusema bila kusema. Nikamweleza. Nikamwambia suluhisho ni dogo: soko liende upande wa juu, kando ya barabara, mahali pa kupiganishia mafahali pasogee kidogo, upande wa chini ubaki wazi.

"Huko juu haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu ameahidiwa. Stesheni ya petroli."

"Nani?"

"Madamu, usiniulize maswali ambayo majibu yake unayajua."

"Basi watu watauawa, bwana Mkurugenzi."

"Ng'ombe hapigi kura."

"Wenye ng'ombe wanapiga. Na kina mama wanapiga."

Alisimama akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu. "Umebakiza miezi michache ustaafu," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka kuondoka kwa karamu au kwa barua? Tia sahihi, mama. Wazee wenyewe wamekubali, imeandikwa."

Niliogopa. Sitajifanya shujaa hapa. Mtumishi wa serikali aliyetumika maisha yake yote huogopa barua ya kufukuzwa kuliko anavyoogopa ugonjwa. Wiki hiyo chakula kilinishinda, nikawa namfokea mume wangu kwa kosa la kuuliza kuna nini. Mwakilishi wa wadi alinipigia simu akanisalimia kwa jina la mama yangu mzazi, jina ambalo sikuwahi kumpa. Hakunitisha. Aliniuliza tu kama kwetu Butere wote ni wazima.

Kilichonisumbua zaidi ni makofi ya lile baraza. Wazee wale si wajinga. Walikubali vipi? Nikalikumbuka baraza lote, neno kwa neno, nikaona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutamka "upande wa chini." Sisi tulinyoosha kidole kwenye ramani. Wao waliona karatasi yenye nyekundu na kijani, wakasikia soko, wakajua ni kando ya barabara, maana mtu mwenye akili hawezi kufikiria kwingine. Jambo linalojulikana na kila mtu halisemwi barazani. Kulisema ni kama kumwambia mgeni asiketi motoni.

Sheria inadai baraza la mwisho la kuthibitisha. Nililiitisha mwenyewe. Mwakilishi wa wadi alikuja na vijana wake wenye fulana za rangi moja, wakakaa nyuma wakitafuna miwa na kunitazama. Mkurugenzi alikaa karibu naye. Zamu yangu ya kusema ilipofika, nikaomba maji kwanza. Kisha nikamgeukia Mzee Shitsama.

"Mzee, ndume akishindwa anakimbilia wapi?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka. "Madamu, hiyo ni swali ya mtoto wa nasari. Anateremka kwa mto."

"Na hili soko mlilokubali, linajengwa wapi?"

"Si kule juu kwa lami? Ndiyo tulipeana."

"Hapana, mzee. Kwa ramani hii ni huku chini. Ukuta unaanza hapa, unafika pale."

Kicheko kilikatika. Mzee Shitsama alitazama ramani, akatazama mteremko, akatazama ramani tena.

"Huku chini?" alisema. "Mnataka kuweka mama zetu mbele ya ndume amekasirika? Nani aliwaambia tumekubali hiyo?"

Uwanja uliripuka. Wazee walisimama, vijana wa fulana nao wakasimama, mtu akasukumwa, kiti kikavunjika. Polisi wa utawala waliokuja na chifu wakasogea mbele. Mwakilishi akanyakua kipaza sauti, na sasa hakuwa na tabasamu.

"Nisikilizeni! Soko ni huku chini ama mradi unaenda wadi ingine, na mjue ni huyu Madamu wa Butere amewanyima. Sasa kina mama ndio waseme. Kina mama wanaotaka soko, inueni mkono juu!"

Kina mama walikuwa wameketi pamoja, pamoja na yule wa gongo, na wote wakamtazama Mama Imali. Nami nilimtazama. Nilijua anavyolitaka lile paa. Nilijua akiinua mkono wote watainua, na kwamba jioni hiyo itaandikwa kuwa umma umeamua, na sahihi yangu haitakuwa na uzito tena. Watampata mwingine wa kutia. Mikono yake ilikuwa mapajani. Aliifunga moja juu ya nyingine.

"Mheshimiwa," alisema bila kusimama, "hapa hakuna mtu anataka soko kuliko mimi. Wewe unajua. Ulikula parachichi yangu kwa barabara ukiomba kura. Tupatie huko juu. Kama huko juu ina mwenyewe, sema ni nani tumsikie."

Mwakilishi alisubiri mikono, akatazama safu ya kina mama kutoka mwisho mpaka mwisho, akaweka kipaza sauti mezani na kuondoka. Gari lake lilituachia vumbi. Mradi ulikwenda wadi nyingine, kama alivyosema. Mpango ule haukutiwa sahihi na mimi wala na mtu mwingine, na upande wa chini una nyasi mpaka magotini hadi leo.

Nilistaafu. Karamu ilikuwepo, soda na keki, na Mkurugenzi akatoa hotuba fupi kama ya mtu anayewahi matanga. Barua sikupewa. Vijana wa ofisi huniuliza sasa nimejifunza nini, nami huwaambia waende uwanjani siku uwanja unapotumika, wasimame mahali papumbavu, wamuulize mwenyeji swali ambalo litamfanya acheke. Tena huwaambia wasisubiri kupendwa. Nawaona wanaandika hilo la kwanza na kuliacha la pili.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia kwenye sifa. Mwezi uliopita nilishuka Iguhu, mvua ikinyesha. Kina mama walikuwa palepale ukingoni mwa lami, wamejifunika karatasi za nailoni. Lori lilipita likawamwagia maji ya matope, hakuna aliyeshtuka. Nikamwendea Mama Imali.

"Mirembe, Madamu."

"Mirembe, mama." Nikachuchumaa mbele ya parachichi zake, nikashindwa kuchagua. Nikamuuliza kilichonileta. "Mama, unanilaumu?"

Alipangusa matope kwenye parachichi moja kwa leso yake, akairudisha mahali pake.

"Nakulaumunga," alisema. "Mvua ikinyesha hivi, nakulaumunga sana."

Niliitikia kwa kichwa.

"Sasa usikae hapo kwa barabara," alisema, akisukuma gunia lake kando na kuinua nailoni. "Lori inakuja. Ingia huku ndani."

Nikaingia, tukabanana magoti, tukangoja mvua ipungue.